Kufungwa kwa wiketi 10 si kufungwa kumi bila

Ukishajulikana kijiweni kwamba unafuatilia kriketi, umejitafutia kazi isiyo na mshahara. Timu ya taifa ya nchi fulani imechapwa ugenini, picha ya matokeo inazunguka kwenye simu, na imeandikwa kwamba wamepoteza kwa wiketi 10. Dereva bodaboda wa pale Kabwe, Mbeya, anaitazama, anaguna. "Kumi bila? Hao si bora wangebaki kwao." Mwenzake anachomoa matokeo mengine ya zamani, Kenya ilipofungwa na India kwa mikimbio 91. "Tisini na moja! Basi hao wa kumi wana afadhali. Eti mwalimu?"

Mwalimu ndiyo wewe. Na jibu ni kwamba namba hizo mbili huwezi kuzipambanisha kabisa, kwa sababu hazihesabu kitu kimoja. Ile 91 ilitoka kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia mwaka 2003, mjini Durban. India walipata mikimbio 270, Kenya 179. Kufika hapo kwa Kenya ni moja ya maajabu ya mchezo huu mpaka leo.

Huku kwetu tumelelewa na mpira wa miguu. Anayetoka Sokoine baada ya Mbeya City au Prisons kula tatu bila hahitaji mtu wa kumfafanulia. Kriketi ukiwa Mbeya au Iringa unakutana nayo zaidi dukani kuliko uwanjani: duka la vifaa vya ujenzi kule Uhindini, televisheni ndogo juu ya rafu ya rangi, mwenye duka anakupimia misumari ya inchi nne huku jicho moja liko kwenye skrini. Mizani imeshatulia, yeye bado anamwaga misumari. Akipiga kelele ghafla na kushika kichwa, ujue kuna mtu katolewa, na bei siku hiyo usiijadili. Kwa miaka mingi tuliuona ni mchezo wa kutazamwa na wengine. Kisha vijana wetu wa chini ya miaka 19 wakafuzu kwa mara ya kwanza Kombe la Dunia la rika lao la mwaka 2026, lililoandaliwa na Zimbabwe na Namibia, na ghafla kila mtu anataka kujua matokeo yanasomwaje.

Tuanze chini kabisa. Timu mbili, kila moja watu 11. Timu moja inapiga, nyingine inarusha mpira na kuudaka. Katikati ya uwanja kuna kipande cha ardhi ngumu chenye urefu wa mita 20 hivi, na kila mwisho wake vimesimamishwa vijiti vitatu vinavyofika mtu mapajani. Vijiti hivyo ndivyo wiketi. Wapigaji huingia wawili wawili, mmoja kila upande. Mrushaji anakuja mbio na mpira wa ngozi, mgumu, wenye mshono uliotokeza katikati, na anataka kuvigonga vile vijiti. Mpigaji anavilinda kwa gongo lake. Akiupiga mpira mbali, yeye na mwenzake wanabadilishana upande kwa kukimbia, na kila wanapobadilishana wamepata mkimbio mmoja. Mpira ukibingirika hadi kwenye mpaka wa uwanja ni mikimbio minne bila kukimbia. Ukivuka mpaka hewani bila kugusa chini, sita.

Mpigaji hutolewa vijiti vikigongwa, au mpira aliopiga ukidakwa kabla ya kugusa chini, au akikimbia akachelewa kufika upande wa pili. Kuna njia nyingine, ila hizi tatu zinakutosha. Akitolewa, inasemwa wiketi imeanguka, anaingia mwingine. Wakitoka 10, yule wa 11 anabaki hana mwenzake, kwa hiyo zamu ya timu imekwisha. Mipira sita ya kurushwa ni ova moja. Mechi fupi, ile inayojaza viwanja siku hizi, kila timu inapewa ova 20. Ile ya kati ni ova 50. Na ile ndefu, ambayo wazee wa mchezo huu wanaiheshimu kuliko zote, inachukua hadi siku tano, na kila timu inapiga zamu mbili.

Sasa mfikirie mfanyabiashara wa viazi wa Uyole aliyeshusha magunia 10 sokoni. Magunia ni wiketi zake. Saa za soko ni ova. Fedha anazoingiza ni mikimbio. Huyu anaweza kuharibikiwa kwa namna mbili. Anaweza kuuza kwa pupa kwa bei ya kutupa, hadi saa nne asubuhi magunia yamekwisha na mfukoni hakuna kitu. Au anaweza kubana bei, kila mteja anamkatalia, soko linafungwa jioni magunia saba bado yapo na fedha ni zile zile chache. Wote wawili wamepata hasara, ila ya mmoja haifanani na ya mwenzake, na kriketi ina maneno tofauti kwa kila moja.

Timu ya kwanza kupiga inaweka deni. Ya pili inalilipa. Ikishindwa kulifikia, tunasema imefungwa kwa mikimbio kadhaa, yaani kiasi kilichopungua. Ikilipita, imeshinda kwa wiketi kadhaa, yaani magunia yaliyokuwa bado hayajauzwa deni lilipokwisha. Kwa hiyo "wiketi 10" maana yake ni kwamba waliopiga pili walimaliza kazi na wale wapigaji wao wawili wa mwanzo, bila hata mmoja kutolewa. Wala haina maana kwamba walifungana kumi kwa sifuri, wala haikwambii wapinzani walipata ngapi.

Tazama mechi mbili zilizoisha kwa maneno hayo hayo. Tarehe 24 Oktoba 2021, Dubai, India walipata mikimbio 151 katika ova 20, na Pakistan wakafika 152 bila kupoteza mtu. Wiketi 10. Lakini zilikuwa zimebaki ova mbili na mpira mmoja tu. Pakistan walilazimika kufanya kazi karibu usiku mzima. Nyingine ni ya Kigali, Juni 2019, kwenye mashindano ya wanawake. Mali walitolewa wote kwa mikimbio sita. Sita! Rwanda walihitaji mipira minne kulipa deni. Nayo ni wiketi 10. Siku chache baadaye dada zetu wa Tanzania waliwakuta hao hao Mali, wakapata 285 kwa kupoteza mtu mmoja, kisha wakawatoa kwa 17. Hiyo sasa imeandikwa kwa mikimbio, 268, kwa sababu tu Tanzania walipiga kwanza.

Kwa hiyo ukionyeshwa picha ya matokeo ya wiketi, usiishie kwenye wiketi. Uliza ilibaki mipira mingapi. Pale Dubai ilibaki 13, Kigali ilibaki 116. Mwaka 2006 huko Johannesburg, Afrika Kusini waliifunga Australia kwa wiketi moja, ukabaki mpira mmoja, baada ya Australia kupata 434 na kuamini kazi imekwisha. Hapo kila namba inakwambia jambo lile lile: ilikuwa roho mkononi.

Mfano wa magunia yasiyouzwa ninaoupenda kuliko yote ni wa India tena, na safari hii ni wa kusikitisha. Tarehe 7 Juni 1975, siku ya kwanza kabisa ya Kombe la Dunia la kwanza, uwanja wa Lord's, London. Wakati huo kila timu ilikuwa na ova 60. Uingereza walipata 334. Sunil Gavaskar, mmoja wa wapigaji bora waliopata kuzaliwa, akaingia wa kwanza na kukaa uwanjani mpaka mwisho wa zamu. Alirushiwa mipira 174 na kupata mikimbio 36. India walimaliza na 132, wakiwa wamepoteza watu watatu tu. Walifungwa kwa mikimbio 202 huku wapigaji wengi wakiwa bado wamekaa wamevaa pedi zao za kukinga miguu. Mashabiki wa Kihindi waliolipa viingilio walichemka, wengine wakaingia uwanjani kumsihi apige. Hakuna aliyewatoa India wote siku ile. Walijifunga wenyewe.

Siku hiyo hiyo, mji mwingine wa Uingereza, ilikuwa inacheza timu ambayo watu wengi huku hawajawahi kuisikia: Afrika Mashariki, wachezaji kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia. New Zealand waliwawekea 309, Glenn Turner peke yake akipata 171. Wetu walijibu na 128. Wakafungwa na New Zealand kwa mikimbio 181, na India kwa wiketi 10, na Uingereza kwa mikimbio 196. Ukisoma juu juu utasema ni timu ya aibu. Lakini dhidi ya New Zealand walimaliza ova zote 60 wakiwa wamepoteza watu wanane, hawakutolewa wote. Kwa watu waliokuwa na kazi zao za kila siku, wakicheza na wachezaji wa daraja la kwanza, mimi hapo nawavulia kofia. Kwao walikotoka hakuna aliyechoma kitu wala kuzomea mtu, kwa kuwa hakuna aliyewatarajia kushinda.

Na hilo ndilo linalowachanganya wengi wanapoona video za mashabiki wakivunja televisheni. Wanadhani hasira inalingana na namba. Hailingani. Mwaka 2007 India walifungwa na Bangladesh kwenye Kombe la Dunia kule Trinidad, kwa wiketi tano, kipigo cha kawaida kabisa. Lakini huko Ranchi watu walikwenda kuiharibu nyumba ya MS Dhoni, mchezaji wa timu hiyo ya India, iliyokuwa inajengwa. Hasira ilitokana na nani kafungwa na nani. Mwaka 1996, nusu fainali ya Kolkata, India walikuwa wanaporomoka mbele ya Sri Lanka, chupa zikarushwa, moto ukawashwa majukwaani, na mwamuzi akawapa Sri Lanka ushindi mechi ikiwa haijaisha. Na baada ya ile ya Dubai, matusi ya mtandaoni yalimwangukia mrushaji mmoja, Mohammed Shami, na dini yake ikaingizwa. Hebu rudi kwenye hesabu: warushaji wote wa India walishindwa kumtoa hata mtu mmoja. Kumchagua mmoja ni chuki iliyotafuta mlango. Virat Kohli, nahodha, alijitokeza hadharani kumtetea.

Nyumba ya Dhoni ilimalizwa, na mwaka 2011 yeye ndiye aliyelinyanyua Kombe la Dunia akiwa nahodha wa India.

Mechi ya siku tano ina msemo wake unaotisha zaidi: kufungwa "kwa inings na mikimbio kadhaa". Inings ni zamu ya kupiga. Maana yake timu moja ilipiga mara moja, nyingine ikapiga mara mbili, na zamu mbili zikijumlishwa hazikuifikia ile moja. Kipigo kikubwa kuliko vyote vya aina hii walikipata Australia, London, Agosti 1938. Uingereza walipata 903, Len Hutton peke yake 364, wakasimamisha wenyewe zamu yao. Australia wakapata 201 na 123. Inings na mikimbio 579.

Lakini Don Bradman, nahodha wa Australia, aliumia kifundo cha mguu, na mwenzake Jack Fingleton akaumia pia. Hawakupiga kabisa, Australia walicheza kama watu tisa. Na mfululizo mzima wa mechi uliisha kwa sare ya 1-1, jambo ambalo kwa kanuni lilimwachia kombe aliyekuwa nalo. Aliyekuwa nalo ni Australia. Walipigwa kipigo ambacho hakijawahi kufikiwa mpaka leo, na kombe likabaki lao.

Kombe lenyewe ni zao la mashabiki waliofungwa. Mwaka 1882 Uingereza walipoteza kwao mbele ya Australia, kwa mikimbio saba tu, na gazeti moja la London likachapa tangazo la msiba: kriketi ya Uingereza imefariki, mwili utachomwa na majivu yatapelekwa Australia. Ulikuwa utani. Hadi leo timu hizo mbili zinagombea "Majivu".

Basi kwa nini timu kubwa zinaanguka zikisafiri? Hapa ndipo mtu wa mpira wa miguu anasema wachezaji wamelala disko. Mara nyingi jibu liko chini ya miguu yao. Mpira wa kriketi hudunda kabla ya kumfikia mpigaji, kwa hiyo udongo unacheza. Kile kipande cha katikati hutengenezwa kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu, na anayetoka Mbarali anajua mfinyanzi wa Usangu unavyopasuka masika yakipita. Viwanja vya India na Sri Lanka hukauka na kupasuka, mpira ukidunda unapinda. Wapigaji wa huko wamekua nao, mgeni anababaika. Australia na Afrika Kusini ardhi ni ngumu, mpira unaruka hadi kifuani. Uingereza wingu likitanda mpira unapinda ukiwa bado hewani. Na Johannesburg iko kwenye mwinuko unaokaribiana sana na wetu wa Mbeya, mita 1,700 na ushee, ambako hewa ni nyepesi na mpira uliopigwa husafiri mbali zaidi kuliko Durban iliyo pwani.

Ndiyo maana wiketi zikianza kuanguka ugenini huanguka kama zimesukumwa. Desemba 2020, Adelaide, kwenye mechi ya siku tano dhidi ya Australia, India walitangulia kwa mikimbio 53 baada ya kila timu kupiga mara moja. Siku ya tatu wakatolewa kwa 36. Hakuna mpigaji aliyefika kumi. Dunia ilicheka, na wenye duka wa Uhindini, nadhani, waliuza misumari kwa hasira wiki nzima. Tarehe 19 Januari 2021, mwezi mmoja kamili baadaye, timu hiyo hiyo iliyojaa majeruhi iliifunga Australia kwenye uwanja wa Brisbane ambako Australia hawakuwa wamepoteza mechi ya aina hiyo tangu 1988, na kuondoka na mfululizo 2-1. Novemba 2024 Sri Lanka walitolewa Durban kwa 42. Zamu yao ya pili, mechi ile ile, uwanja ule ule, walipata 282. Walifungwa hata hivyo, ila ukiambiwa timu ya mikimbio 42 "haijui kriketi", muulize anayesema hivyo hiyo 282 ilitoka wapi.

Kuna la mwisho la kijiweni: "mechi imeuzwa". Kwa kriketi si tuhuma ya hewani, imewahi kutokea. Ila tazama ilivyothibitishwa. Agosti 2010, Lord's, Pakistan walifungwa kipigo kikubwa cha inings, na baadaye nahodha Salman Butt na warushaji Mohammad Asif na Mohammad Amir walifungwa jela na mahakama ya London. Walichopatikana wameuza ni mipira mitatu iliyorushwa kwa makusudi mguu ukiwa umevuka mstari. Kila mmoja uliwapa wapinzani mkimbio mmoja wa bure. Kipigo chenyewe si kilichowafikisha kizimbani. Anayeuza hutafuta kitu kidogo kisichoonekana, na kutolewa watu 10 kwa mikimbio 40 huonekana na dunia nzima.

Je, ukubwa wa kipigo una kazi yoyote basi? Una kazi kwenye msimamo wa kundi. Timu zikilingana pointi, hutazamwa wastani: mikimbio mnayopata kwa kila ova, kutoa mnayoruhusu kwa kila ova. Ukitolewa wote mapema, hesabu inakuchukulia kama ulitumia ova zote, kwa hiyo anguko linakutafuna mara mbili. Hapo ndipo zile ova zilizobaki zinakuwa fedha. Lakini wastani husomwa baada ya pointi. Kwenye Kombe la Dunia la ova 20 la 2021, lile la mechi ya Dubai, India walipoteza kwa Pakistan na kwa New Zealand, kisha wakawachapa wengine kwa hasira, Scotland wakimalizwa ndani ya ova saba. Wakamaliza kundi wakiwa na wastani mzuri kuliko hata Pakistan walioongoza. Walikuwa wa tatu kwa pointi, na waliokwenda nusu fainali ni wawili.